Vitu vya Kuchezea vya Watoto wa Makobola na Mwambao wa Fizi

Kitu cha kuchezea cha mtoto wa kijijini hutengenezwa kwa kile ambacho mkubwa amekwisha kukitumia au hakukihitaji: ganda la mgomba, gunzi la muhindi, kopo tupu, kipande cha waya, kandambili iliyokatika. Kwa hiyo historia ya vitu hivi hufuata historia ya mabaki. Anayetaka kujua ni mali gani iliyopita mahali fulani, na katika zama zipi, anaweza kuisoma mikononi mwa watoto wa mahali hapo.

Makobola, katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, ni mahali panapofaa sana kwa usomaji huo. Kijiji kiko yapata kilomita 15 kusini mwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na milima inayopanda kuelekea Itombwe. Barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka na Fizi hupita hapo hapo, na ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita 673, limekuwa njia ya biashara tangu zamani. Misafara, majeshi, malori ya mihogo, mashua za ndakala (dagaa) na misafara ya misaada vyote vimepita mbele ya macho ya watoto, na kila kimoja kiliacha kitu nyuma yake.

Tabaka la kwanza ni la mimea na udongo, na hadi leo halijaisha. Wabembe, ambao ndio wengi katika Fizi, ni ndugu wa Warega wa msituni upande wa magharibi. Walifika ziwani wakiwa na ujuzi wa uwindaji wa nyavu, mbwa na mitego. Mtoto wa kiume alipewa, au alijitengenezea, upinde mdogo wa kijiti na kamba ya gome, na mishale ya bua isiyo na chuma. Alilenga panzi, mijusi na ndege wadogo, na tundu lake la kunasia ndege lilikuwa mtego wa baba yake uliopunguzwa ukubwa tu. Hapa mpaka kati ya kucheza na kujifunza kazi ni mwembamba mno. Ndege aliyenaswa na mtoto wa miaka minane aliliwa kweli, na mtego usiofunga vizuri ulichekwa na wakubwa kama kazi mbovu. Huko juu, kwenye nyanda za malisho ambako ng'ombe ndio mali, watoto wa wafugaji walifinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, au walichukua matunda ya mtunguja na kuyaita fahali, mitamba na ndama, kisha wakayapeleka malishoni na kuyarudisha zizini.

Mgomba ndio ghala kuu la watoto wa ukanda huu wote, kutoka Fizi hadi Kigoma, Burundi na Bukoba. Majani makavu hukunjwa na kufungwa kwa kamba za ganda la mgomba huo huo hadi yawe mpira mgumu, wenye uzito wa kutosha kupigwa mbali. Shina lililokatwa hupasuliwa kwa urefu na kuwa kigari cha kuteleza mlimani, kwa kuwa ganda bichi hutoa maji na kuteleza juu ya majani. Mashina matatu yakiunganishwa kwa vijiti ni chelezo cha kuchezea ziwani. Uti mnene wa jani hukatwa vibapa vitano au sita upande wa juu bila kuviondoa. Vibapa husimamishwa, mkono hupitishwa juu yake kwa kasi, na kila kimoja kikilala hutoa mlio mkali, vyote kwa mfululizo.

Muhogo nao una lake. Wasichana wanaochuma sombe (kisamvu) huchukua jani lenye kikonyo kirefu na kukivunja kidogo kidogo. Kipande kimoja hugeuzwa kulia na ngozi yake ikaachwa, kinachofuata kushoto, hadi kikonyo kizima kigawanyike kuwa nyuzi mbili za shanga za kijani zinazoning'inia kwa utando mwembamba. Jani lenyewe hubaki chini kama kidani. Mkufu huo huvaliwa shingoni tangu asubuhi hadi jua linapounyausha. Kazi yake haihitaji kisu wala kamba, lakini inahitaji kidole kinachojua pa kusimama, maana ukivunja kwa nguvu kidogo tu ngozi hukatika na mkufu umekwisha. Mpapai hutoa kikonyo chenye tundu. Mtoto hukipuliza kama baragumu, au hunyonyea maji kwacho, au hukigeuza bunduki kwa kusukumia ndani yake donge la majani yaliyotafunwa. Na mchikichi, mti ulioifanya pwani hii ya ziwa kuwa nchi ya mawese, hutoa vijiti vyepesi vya kujengea vibanda na mitumbwi inayoelea, na makuti ya kukunjia kititia, kile kinachozungushwa na upepo mtoto anapokimbia.

Mwanasesere wa kale alikuwa gunzi la muhindi au kifungu cha nyuzi za mgomba. Muhindi mchanga ulipendwa zaidi kwa sababu una nywele. Msichana aliweza kuzisuka, kuzifumua na kuzisuka tena, na hivyo akajifunza ususi kabla hajagusa kichwa cha mtu. Mtoto huyo wa gunzi alifungwa mgongoni kwa kipande cha nguo, akabembelezwa, akanyonyeshwa na akaugua homa kama mtoto yeyote. Jikoni kwake palikuwa na mafiga matatu ya mawe madogo na unga wa mchanga, na siku ya bahati palikuwa na ndakala wawili halisi waliookotwa ufukoni wakati wa kuanika.

Mali za mbali zilianza kufika kwa wingi katika karne ya 19. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi ilifanya Ujiji kuwa kituo chake kikuu ziwani. Kutoka hapo mitumbwi ilivuka hadi rasi ya Ubwari, mkabala wa Baraka, na hadi Uvira. Wapelelezi wa Kizungu Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa mwishoni mwa 1871. Walichobeba wote kilikuwa kile kile: vitambaa, shanga na nyaya nene za shaba zilizozungushwa. Huko Ujiji shanga za sofi, zenye umbo la vipande vya bomba, zilitumika sokoni kama fedha. Vitu hivyo vilikuwa ghali, kwa hiyo havikutupwa, na mtoto hakupata mabaki mengi. Alichopata ni kitambaa kilichochakaa. Ndicho kilichomvisha mwanasesere nguo ya dukani, na ndicho kilichotia kiini laini ndani ya mpira wa mgomba.

Kitu cha kuchezea kilicholeta mabadiliko makubwa kuliko vyote kilitokana na mpira wa miti. Katika utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908, utomvu wa mpira-mwitu ulichukuliwa kwa mabavu katika misitu ya Kongo, na maelfu kwa maelfu ya watu walikufa kwa kulazimishwa kuutafuta. Huko Ulaya na Marekani utomvu huo uligeuzwa kuwa, pamoja na mengine, matairi na mipira ya ndani ya baiskeli, baada ya John Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888. Baiskeli zilipofika vijijini, mipira iliyotoboka isiyoweza tena kuzibwa ilianguka mikononi mwa watoto, nao wakapata manati. Kwanza hutafutwa panda ya mpera iliyo sawa pande zote. Hukatwa vipande viwili vya mpira vyenye upana wa kidole, huunganishwa na kipande cha ngozi ya kiatu, na risasi zake ni vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Upinde wa mtoto haukufa mara moja, lakini uliachwa. Manati huingia mfukoni, hutumia risasi isiyokwisha, na humwezesha mtoto anayelinda mpunga kumfikia ndege aliye mbali. Ni uchungu kuona kwamba kile kilichoondoka Kongo kwa damu kilirudi Kongo kikiwa kimetoboka, na bado watoto wakakipatia kazi.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya kutoka Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Meli na malori vilifuata. Kutoka enzi hiyo ndipo magurudumu yalipoingia katika michezo ya mwambao. Cha kwanza na chepesi kabisa kilikuwa ringi ya baiskeli isiyo na spoku, au tairi bovu, linalosukumwa kwa kijiti. Kijiti hukaa ndani ya mfereji wa ringi, nacho ndicho usukani na ndicho breki. Mtoto aliyetumwa dukani huenda mbio na ringi yake, na safari ya kilomita mbili haimchoshi. Kilichofuata kilikuwa gari la mbao. Magurudumu yake yalichongwa, na baadaye yakawa beringi zilizotolewa katika mashine mbovu, ambazo hupiga kelele kubwa na kuteremka mlima kwa kasi ya kutisha. Katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia miaka ya 1970, wazo hilo hilo lilikua likawa chombo cha kazi, chukudu, ambalo hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa kuingia Goma. Vijana wanaoliendesha wengi walianza na lile dogo la kuchezea.

Gari la waya ndilo kazi ya juu kabisa ya fundi mtoto, nalo linastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Waya hutafutwa popote: uzio wa zamani, kifungashio cha mzigo, spoku, waya wa ndani ya tairi lililochomwa. Hunyooshwa juu ya jiwe kwa jiwe jingine. Fundi haanzi na mwili wa gari. Huanza na chasisi, mstatili wa waya mnene, kisha ekseli mbili. Ya nyuma hufungwa imara, na ya mbele huachwa icheze. Juu ya chasisi husimamishwa kabini, bodi na taa, vyote kwa waya mwembamba uliokunjwa bila kukatwa ovyo, kwa maana kila ncha iliyokatwa huchoma kidole na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Viungo hufungwa kwa utepe mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukavutwa hadi ubane. Magurudumu hukatwa kwa wembe kutoka katika soli ya kandambili, au hutumika vifuniko vya kopo la dawa ya viatu. Soli hushinda, kwa sababu haitelezi na haipigi kelele. Mwisho huja usukani: waya mrefu, au ufito, unaotoka kwenye ekseli ya mbele, kupita juu ya paa, na kumfikia dereva kiunoni, ambako hukunjwa duara. Dereva hukimbia nyuma ya gari akiwa amesimama wima, hugeuza duara, na magurudumu ya mbele hutii. Mlio wa injini, gia na honi hutoka kinywani mwake.

Aina ya gari hubadilika na barabara. Lori lenye bodi ndefu lilitawala kwa miaka mingi. Baada ya Umoja wa Mataifa kuleta askari wake wa kulinda amani, kuanzia 1999, na mashirika ya misaada kufungua ofisi Baraka na Uvira, magari mapya ya waya yalikuwa na antena ndefu mbele na tairi la akiba mgongoni. Hakuna aliyewaagiza watoto kuandika historia ya usafiri wa Kivu ya Kusini, lakini waliiandika, mfano kwa mfano, kwa usahihi unaoweza kumtosheleza mhandisi.

Vita navyo viliacha mabaki yake. Fizi imekuwa uwanja wa mapigano kwa vizazi: uasi wa 1964, kuja kwa Che Guevara na Wakuba wake mwaka 1965, miaka mingi ya wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila milimani, kisha vita vya 1996, ambamo kundi la waasi la AFDL liliingia likiwa na askari watoto walioitwa kadogo. Bunduki ya mti, iliyokuwa mchezo kila mahali duniani, hapa ilikuwa na maana nyingine. Makundi ya silaha yalifundishia watoto gwaride kwa bunduki za mbao kabla ya kuwapa za chuma, na mtoto hakuwa na njia ya kujua siku ambayo mchezo ulikoma. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, askari wa kundi la waasi la RCD pamoja na washirika wao kutoka Rwanda na Burundi waliua watu zaidi ya 800 katika Makobola na vijiji vya jirani, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Watoto walikuwa miongoni mwa waliouawa. Walionusurika walipanda milimani au walivuka ziwa. Mabomu ya mkono na risasi zisizolipuka zilizobaki mashambani zikawa hatari ya aina ya pekee. Kitu cha chuma, kidogo, cha duara na chenye kung'aa ni kile kile ambacho jicho la mtoto fundi limezoezwa kukitafuta. Ndiyo sababu mafunzo ya kuepuka mabomu hutolewa kwa picha, shuleni, na kuanzia madarasa ya chini.

Ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wakimbizi wengi wake wa mwanzo walitoka Kivu ya Kusini. Kambi ya Lugufu nayo ilipokea watu wa Fizi hadi ilipofungwa mwaka 2009. Kambini hakuna msitu wa kukata wala ziwa la kuogelea, lakini kuna kitu ambacho kijiji hakikuwa nacho kwa wingi: bati. Makopo ya mafuta ya kupikia yaliyotolewa kwa mgao yalikatwa yakawa taa, mabakuli, vibaba vya kupimia, na mabasi. Bati hutoa kuta za gari ambalo waya ulikuwa umechora mifupa yake tu. Maandishi ya mfadhili hubaki ubavuni, yakisafiri na basi. Watu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, watoto wengi walioshuka bandarini walikuwa wanaiona Fizi kwa mara ya kwanza. Kilichowaunganisha haraka na wenzao waliowakuta ni kwamba waliweza kucheza pamoja bila kuelezana kanuni. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Fizi kupokea, wakimbizi wa Burundi walipofunguliwa kambi ya Lusenda, kwenye mwambao huo huo.

Mpira wa miguu ndio kitu cha kuchezea kinachotengenezwa mara nyingi zaidi, kwa sababu huchakaa haraka. Majani ya mgomba yalikwisha kupisha vitambaa, na vitambaa vikapisha mifuko ya plastiki. Mfuko mmoja hufinyangwa kuwa kiini, mwingine huuzunguka na kufungwa fundo, kisha mwingine, hadi ufikie ukubwa wa kichwa cha mtoto. Anayetaka mpira udunde huweka ndani glovu ya hospitali au kondomu iliyopulizwa, na kuifunika kwa mifuko mingi ili isipasuke. Juu ya yote huja kamba. Watoto wa bara hutumia nyuzi za mkonge au mgomba. Wa mwambao wana nailoni ya nyavu zilizochanika, na wengine huifuma juu ya mpira kwa fundo lile lile ambalo baba zao hushonea nyavu, macho yakilingana pande zote. Mpira kama huo hudumu wiki kadhaa na haulowi maji. Wachezaji kadhaa wakubwa wa Kongo wamesimulia kwamba ndio walioanza nao. Nchi iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974 ililelewa kwa mipira isiyonunuliwa.

Mifuko yenyewe sasa inapigwa vita, na kwa sababu za haki: huziba mifereji, huua mifugo na huingia ziwani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Kongo ilitoa amri yake mwishoni mwa 2017, ingawa sokoni mifuko bado ipo. Mahali ambapo marufuku imeshika, watoto wamerudi kwenye vitambaa na sponji za magodoro.

Vitu hivi havikuhifadhiwa kama vitu vingine vya nchi. Barakoa na sanamu za mababu wa Wabembe zilikusanywa na Wazungu tangu mapema na sasa ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, likiwamo la Tervuren, Ubelgiji. Mtaalamu Daniel Biebuyck alizichunguza kwa miaka mingi. Gari la waya na mwanasesere wa gunzi vilionekana ni vya kupita tu. Kitabu kikubwa cha Kifaransa kuhusu michezo ya watoto wa Kongo, cha Centner, kilichapishwa Elisabethville mwanzoni mwa miaka ya 1960, nacho kinahusu Katanga. Kwa mwambao wa Fizi kumbukumbu iko kwa watu wenyewe, hasa kwa watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili, ambao huwafundisha wadogo zao bila mkubwa kuingilia. Shule za msingi zina somo la kazi za mikono, na mwanafunzi hutakiwa kuleta ufagio, mkeka au kikapu. Mwalimu anayekubali gari la waya badala ya ufagio anafanya jambo jema, kwa kuwa ndani yake kuna kipimo, pembe, mhimili na subira.

Tabaka jipya kabisa ni la umeme. Wavuvi wa usiku, waliovuta ndakala kwa taa za karabai, wamehamia taa ndogo za LED zinazotumia betri na nishati ya jua. Balbu moja kati ya kumi iliyobaki hai katika taa iliyokufa, mota ndogo ya redio ya kaseti, waya mwembamba mwekundu na mweusi: hivi ndivyo vinavyookotwa sasa pamoja na soli na bati. Betri mbili hulazwa ndani ya kipande cha mwanzi chini ya chasisi, waya hupitishwa kando ya ekseli, na swichi ni kipande cha bati kinachobanwa kwa kidole karibu na usukani. Betri kuukuu huvuja na kuunguza ngozi, na wazazi wengi hawajui hatari hiyo, kwa hiyo ni vema zikaondolewa mara zinapoanza kulowa. Mota nayo ikifungwa kwa utepe wa mpira kwenye gurudumu la nyuma, gari huenda lenyewe kwenye sakafu iliyosakafiwa, kama ile ya kanisa au ya darasa. Kwenye mchanga wa ufuko bado linahitaji kusukumwa.